Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: CHEMBE SAHANI ZILIZOZIDI KWA MAMA ANAYELALAMIKIA TUMBO

Mimi ni mteknolojia wa maabara, wilaya ya Kongwa. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linatugusa wengi: sisi wa maabara, matabibu wa vituo vya afya, na akina mama wanaotembea na madaftari yao ya matibabu wameyafunga ndani ya khanga.

Mama yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Kwa miezi mingi alisema tumbo linajaa. Akila matonge mawili ya ugali wa uwele ameshiba. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo, baadaye za minyoo, kisha za UTI. Tulipokuja kujua kuwa ni saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai, ilikuwa imeshasambaa tumboni. Baada ya mazishi nilifungua daftari lake, nikakuta karatasi ya FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, imebanwa kwa pini. Chembe sahani, zile za kugandisha damu ambazo maabara tunaziita pleteleti, zilikuwa 612,000 katika kila mikrolita ya damu. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000. Mashine ilikuwa imeweka alama ya kuonya kwamba ziko juu. Hakuna aliyeizungushia hata wino. Karatasi ile haikutoka kwenye maabara yangu, lakini ingetoka kwangu ningeipitisha vilevile, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sisi tumefundishwa kuziogopa chembe sahani zikishuka. Malaria huzishusha, dengi huzishusha, na zikishuka mno mgonjwa huvuja damu, kwa hiyo simu hupigwa upesi. Zikipanda tunanyamaza.

Kumbe katika saratani ya ovari kupanda kwake kuna maana. Uvimbe hutoa kemikali iitwayo intalukini-6. Ikifika kwenye ini, ini huongeza homoni ya trombopoietini, na homoni hiyo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe sahani kuliko mahitaji ya mwili. Chembe hizo nazo huulipa uvimbe: humwaga vichocheo vinavyoukuza, na huizingira seli ya saratani inayosafiri katika damu, askari wa kinga wakapita bila kuitambua. Ndizo hizohizo pia huchangia damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na mapafu. Mwaka 2012 kundi la watafiti akiwemo Anil Sood wa Houston, Marekani, lilitoa matokeo ya wanawake 619 wenye saratani hii. Asilimia 31 walikuwa na chembe zaidi ya 450,000 walipogunduliwa, na maisha yao yalikuwa mafupi kuliko ya wenzao.

Nieleweke, Daktari. Sisemi kila mama mwenye chembe nyingi ana saratani. Hapa kwetu wengi watakuwa na upungufu wa madini chuma au maambukizi, na yote mawili huzipandisha. Wala chembe za kawaida hazimwondolei mtu shaka, maana hata katika utafiti ule walio wengi hawakuzidisha. (Na tafadhali, mama anayesoma hapa asikimbilie kununua aspirini dukani kwa kuwa huzuia chembe hizi kugandisha damu.) Ninachosema ni kwamba namba hii tayari tunayo. Mgonjwa ameshachomwa sindano, ameshalipia, mashine imeshahesabu.

Ninachoomba ni waraka mmoja kutoka ofisini kwako kwenda vituo vyote, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa. Mwanamke wa miaka 40 na kuendelea akiwa na chembe zaidi ya 450,000, maabara imjulishe tabibu siku hiyohiyo kama tunavyofanya zikishuka. Tabibu amuulize maswali manne: tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya nyonga, kukojoa mara kwa mara. Akikubali hata moja ambalo limedumu kwa wiki kadhaa, afanyiwe ultrasaundi ya nyonga bila kusubiri, na ikionyesha uvimbe apewe rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa. Asiye na dalili atibiwe upungufu wa damu au maambukizi aliyonayo, kisha kipimo kirudiwe. Chembe zikiendelea kubaki juu, asiambiwe tena ni minyoo.

Najua ultrasaundi hazitoshi na wataalamu wa kuzisoma ni wachache. Ndiyo maana sijaomba tuwapime wanawake wote. Naomba tuanze na wale ambao damu yao imeshatupa sababu.

Rasimu ya waraka huo nimeiandika, ukurasa mmoja, pamoja na nakala ya karatasi ile ya mama mkubwa nikiwa nimefuta jina lake. Nitazileta masjala ya ofisi yako Jumatatu asubuhi, na nitasubiri kuitwa.

Wako katika huduma,
Mteknolojia wa maabara, Kongwa