Asante uliyetupandikizia mwembe

Ndugu uliyepita na kisu chako kikali, ukakata kitawi cha mwembe uliokomaa ukakifunga kwenye mche wetu uliotokana na kokwa: jina hukutuachia, ila asante sana. Mwembe wa kokwa huweza kukusubirisha miaka 6 au zaidi. Huu umezaa mapema, tena ungali mfupi, watoto wanachuma wakiwa wamesimama chini. Na utamu wake! Embe lililoivia mtini, bado lina joto la jua, ukilimenya tu maji yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Tunachuma pamoja na kikonyo kama ulivyotuelekeza, utomvu usiunguze ganda. (Ya juu tumewaachia ndege, hawakuomba ruhusa.) Mungu akuzidishie. Ukipita tena, piga hodi, fungu lako lipo.