Zile Mbili za Upande wa Suheli

Kizimkazi Dimbani,
12 Januari

Ndugu yangu Khamis,

Assalaamu alaykum. Huku kwetu sote tu wazima, alhamdulillah. Mzee anakohoa kidogo asubuhi lakini msikitini bado anakwenda kwa miguu yake, na Mwanaisha ameingia darasa la nne. Kaskazi imeshika vizuri mwaka huu, mchana joto kali, usiku anga safi.

Katika barua yako ya kutoka Maskati uliniuliza, pamoja na mengine, kama ile minazi ya mpakani imekatwa, na kama nimeipata ile nyota niliyokuwa nikiihangaikia tangu ulipokuja likizo. Minazi ipo. Na nyota nimeipata, ndiyo maana nimekaa kukuandikia kwa mkono badala ya kukutupia maneno mawili kwenye simu.

Inaitwa Zeta Reticuli. Ni nyota pacha, mbili zinazosafiri pamoja, na ni hafifu kiasi kwamba ukiwa mjini utaapa kwamba hapo hapana kitu. Ngoja nikueleze ilipo, kwa sababu hii sehemu ya anga wewe unaifahamu nusu. Saa mbili na nusu usiku, simama pale tunapoanika dagaa, uelekee kusini. Kushoto kwako ipo Suheli, ile nyota angavu ambayo Wazungu huiita Canopus, hiyo sikufundishi. Kulia ipo Achernar, nyeupe inayoelekea buluu, jina lake limetoka kwa Waarabu, mwisho wa mto. Kwa majira haya na saa hiyo, zote mbili zinakuwa karibu kimo kimoja, kama theluthi ya njia kutoka upeo wa bahari hadi utosini. Baina yao, ukikaribia zaidi upande wa Achernar, pana uwazi unaodhania hauna lolote. Tulizana. Zitajitokeza nyota mbili za wastani, Alfa na Beta za kundi la nyota liitwalo Reticulum. Ishike Beta, ile ya kulia iliyo chini kidogo ya mwenzake, nyoosha mkono, upime vidole viwili kwenda juu upande wa kulia. Hapo.

Sasa hilo jina. Reticulum ni Kilatini, maana yake wavu mdogo. Nilipolisoma nilikwenda kumwambia Mzee mara moja, nikamkuta uani na sindano yake ya nyavu, akaniuliza ni wa macho mapana au wa dagaa. Aliyelitoa jina hakuwa mvuvi. Ni Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille, aliyeshuka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 ili aipange mbingu ya kusini. Bomba lake la kutazamia lilikuwa na kioo cha upana usiozidi ukucha wa kidole gumba. Ndani yake mlikuwa na kimia cha pembe nne, kimesimama kwa ncha kama almasi, na huo ndio wavu aliotaka ukumbukwe. Alikuwa akilitega bomba likatulia kabisa, Dunia ikazunguka, nyota zikapita zenyewe mbele ya kioo, naye akaandika wakati kila moja ilipoingia katika kile kimia na wakati ilipotoka. Ndani ya mwaka mmoja hivi akawa ameshaandika karibu nyota 10,000. Mimi nasema yule bwana alivua. Kutega, kunyamaza, na kusubiri kipite kinachopita, sijui utaiita kazi gani nyingine.

Nilivyoipata ni hivi. Usiku wa Alkhamisi mwezi ulikuwa bado haujaandama. Ni giza lile lile wanalolipenda wavuvi wa dagaa, kwa hiyo kila tukikaa tulikuwa na taa zao mbele yetu zimejipanga juu ya maji. Hizo hazinisumbui, ziko mbali na ni za riziki. Kinachoniuma ni hoteli moja iliyoweka taa kubwa zinazotazama bahari usiku kucha, hata kasa hawapati kujua lipi anga lipi ufukwe. Tukahama, tukaenda kukaa nyuma ya ngalawa kuukuu ya marehemu ami yako, ubavu wake ukatukinga. Nilimchukua Mwanaisha, na Mzee akasema naye anakuja, akachukuliwa kiti chake cha kamba.

Tulikaa nusu saa bila kuwasha hata simu. Jicho linataka muda huo ili lizoee giza. Halafu nikaanza kutafuta, na kila nilipoikodolea, ikazimika. Hii ni ada ya macho yetu sote: katikati ya jicho ndipo tunaposomea na kutungia uzi, lakini gizani hapafai kitu, chembe zinazohisi mwanga hafifu zimejaa pembeni. Kwa hiyo nyota kama hii huitazami, unatazama jirani yake, na yenyewe inakujia kwa ukingo wa jicho. Nilipoangalia kando nikaiona. Moja. Nikaangalia tena, moja, kama chembe ya chumvi. Nilishajua kwamba ni mbili, nimesoma, lakini jicho langu la miaka arobaini na nane likakataa kuzitenganisha.

Sikumwambia mtoto chochote. Nilimwonyesha Beta, nikampimia vidole, nikamwambia atazame kidogo pembeni aniambie anaona nini. Alikaa kimya mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Baba, zimekaa mbili. Ya juu kushoto inang'aa kidogo kumshinda mwenzake."

Khamis, mwili ulinisisimka. Ndivyo zilivyo hasa. Ya juu kushoto, Zeta ya pili, ndiyo inayomzidi mwenzake kwa mwanga, na si kwa mengi. Nafasi iliyo baina yao kwa macho yetu ni kama sehemu moja ya sita ya upana wa mwezi mpevu. Nikaichukua ile darubini ya macho mawili uliyoniletea, na mimi nikaziona waziwazi, mbili, rangi moja, manjano ya kupauka, kama mtu na ndugu yake.

Rangi hiyo ina sababu, na hapa ndipo ninapotaka ukae kitako. Kila moja kati ya hizi mbili ni jua la aina ya jua letu, karibu ukubwa uleule na joto lilelile. Ziko miaka 39 ya mwanga kutoka hapa, yaani mwanga wao husafiri miaka 39 ndipo utufikie. Nikakaa na penseli nikafanya hesabu ya kinyume: jua letu likipelekwa kule zilipo, litaonekanaje kwetu? Jibu lilinitoka sawasawa na zile mbili. Yaani hili jua linalokausha dagaa wetu kwa siku moja, linalotufukuza kivulini saa sita, aliyeko kule halioni ila kama chembe ile ile ya chumvi, na akilikazia macho linampotea. Nimewafundisha watoto wa skuli miaka ishirini kwamba jua ni nyota. Nilikuwa nikilisema tu. Usiku ule nililiona.

Mzee alikuwa kimya muda wote. Macho yake unajua yameingia mtoto wa jicho, hata Suheli siku hizi anaikisia kwa kuuliza wakati na mwezi. Lakini anga yote ya kusini anayo kichwani, na bado kwake kusini ni "upande wa suheli." Akaniuliza, "Hizo mbili zimegusana?" Nikamwambia hapana, zinaonekana tu hivyo. Umbali baina yao kwa uchache ni mara 3,750 ya umbali wa Dunia na Jua, na huenda ni zaidi, kwa sababu hatujui moja imetangulia mbele ya mwenzake kwa kiasi gani. Akasema hesabu hiyo haimwingii. Nikatafuta njia nyingine. Nikamwambia, mwanga wa jua unatufikia kwa dakika nane na ushei, lakini mwanga ukitoka nyota moja ya hizo kwenda kwa mwenzake, ni siku ishirini na moja na zaidi.

Akageuza uso wake nilipo. "Siku ishirini na moja?"

"Na zaidi kidogo."

"Hiyo ni Maskati," akasema.

Akaanza kumhadithia Mwanaisha, jambo ambalo mimi hajapata kunihadithia hivyo, namna walivyokuwa wakipelekwa mjini wakiwa watoto, msimu kama huu, kuyaangalia majahazi bandarini Malindi: tende, chumvi, mazulia, papa mkavu. Jahazi likipata kaskazi nzuri, wiki tatu, nne, limeshatia nanga Unguja. Barua ikitoka huko leo, alisema, na wewe ukaijibu, majibu yangengoja kusi ianze ndipo yarudi. Hakuna aliyedhani kwamba watu wa Maskati wako mbali kwa sababu hiyo. Walikuwa jamaa zetu.

Nami nikakufikiria wewe, ndugu yangu, siwezi kukuficha.

Ziko mbali hivyo na bado zimeshikana. Zinazungukana polepole mno, mzunguko mmoja unapita miaka 150,000, na hakuna mtu atakayekaa kuushuhudia. Kinachojulikana ni mwendo wao. Zinakatiza anga upande mmoja, kasi moja, bila ya mmoja kumwacha mwenzake. Na kwa nyota, hawa ni wepesi: kama miaka 1,200 tu wanasogea upana mzima wa mwezi. Nilipopita mbele ya msikiti wetu wa kale kesho yake, nikasimama kwenye yale maandishi ya kibla ya Kikufi, ule mwandiko wa kale wa Kiarabu. Yamewekwa tarehe mwaka 500 wa Hijria, 1107 kwa Miladi. Tangu siku yalipochongwa, zile nyota zimesogea kama robo tatu ya upana wa mwezi, na nafasi baina yao iko vilevile. Fundi yule, kama alikuwa na macho ya Mwanaisha na akakaa nje usiku wa giza, aliziona pamoja, mbili, pahala pengine kidogo.

Uliniuliza pia kama hii ndiyo nyota ya wale Wamarekani mke na mume waliosema mwaka 1961 kwamba walichukuliwa na wageni wa angani. Ndiyo inayotajwa. Mwanamke alichora ramani, mwalimu mmoja wa huko akailinganisha na nyota akasema ni hizi. Vipimo vya satelaiti vilivyokuja baadaye vilionyesha kwamba baadhi ya nyota alizozitegemea haziko umbali aliodhani, na mlingano ukaharibika. Mimi hadithi hiyo hainivuti. Majua mawili kama letu, yanayotazamana kwa safari ya wiki tatu za mwanga, yananitosha. Fikiri tu usiku wa kule: lile jua la pili lingekuwa nukta moja tu angani, lakini nukta inayoipita Zuhura kwa mbali kwa ukali, ya kukutilia kivuli.

Sasa wewe. Kwa hapo Maskati usijisumbue. Zinapanda digrii nne hivi tu juu ya upeo wa kusini, na kusini kwako kuna milima. Suheli unayo, najua, umenieleza watu wa huko wanavyoingojea mwisho wa Agosti ili joto livunjike. Lakini hizi zimelala chini yake. Ukipata safari ya Salala ndiyo heri, kule zinafika digrii kumi, na bahari iko kusini haina kizuizi. Saa mbili na nusu ya huko, kama huku. Chukua darubini, kwa macho matupu karibu na bahari namna ile hutoziona.

Bora zaidi uje. Mwezi wa pili bado zitakuwa juu jioni, ila uwahi mapema baada ya Isha. Ukingoja hadi Machi mwishoni utazikuta zimeshainama magharibi, na mawingu ya masika yamekaribia. Kiti cha kamba utampisha Mzee, wewe na mimi tutakaa mchangani nyuma ya ngalawa.

Mwanaisha ameniambia nitie mchoro wake ndani ya bahasha. Amechora wavu, na ndani ya wavu nukta mbili, moja amekoleza penseli zaidi. Ameniuliza jina lao kwa Kiswahili nikashindwa kumjibu, basi amekwisha kuwaita Maskati na Unguja. Ile iliyokolezwa ni Unguja, hilo amelishikilia, hataki mjadala.

Wasalimie watoto na mama watoto. Mzee anakusalimu, na anataka tende za mwaka huu, zile laini, siyo zilizokauka za mara iliyopita.

Ndugu yako,
Mussa