Desemba hii sitapokea kata ya pombe

Columbus, Ohio
12 Oktoba 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya pamoja na mama, shemeji na watoto. Mimi sijambo, na safari hii neno hilo naliandika kwa ukweli wake, kwa sababu miaka mitatu mfululizo nilikuwa nikikuandikia "sijambo" huku mikono ikinitetemeka tangu asubuhi mpaka nipate chupa. Leo nimetimiza miezi 14 bila kuonja pombe ya aina yoyote. Nilikuficha, na ninakuomba radhi. Nitakuja nyumbani Krismasi, nami nataka wewe ujue kabla ya wengine.

Nilianzia hospitali. Daktari alinionya kwamba mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hapaswi kuacha ghafla akiwa peke yake, kwani anaweza kushikwa na degedege na hata kufa. Nililazwa siku tano nikipewa dawa. Hilo ulikumbuke kwa ajili ya mdogo wetu, msije mkamfungia chumbani mkidhani mnamsaidia.

Siku ya kutoka, muuguzi alinipa karatasi yenye orodha ya mikutano ya Alcoholics Anonymous, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, ambao wenyewe huuita AA. Nilishangaa kuona kwamba katika mji huu mmoja watu hukutana kila siku, tangu alfajiri hadi usiku, na kwamba ipo programu ya simu inayokuonyesha mkutano ulio karibu nawe. Mingine ni ya wazi, hata ndugu wa mnywaji anaweza kuhudhuria. Mingine ni ya wenye tatizo wenyewe tu.

Kuupata mkutano kulikuwa rahisi. Kuingia ndiko kulikonishinda. Mara mbili nilifika hadi uwanja wa kanisa, nikabaki garini nikiwatazama watu wakishuka ngazi kwenda chumba cha chini, kisha nikageuza gari. Niliogopa kumkuta Mtanzania mwenzangu ambaye angefikisha habari nyumbani Marangu usiku uleule. Mara ya tatu mzee mmoja aliyekuwa akivuta sigara nje aligonga kioo, akaniuliza kama nimekuja mkutanoni, nami nikaitikia kabla sijafikiri. Akatangulia, nikamfuata. Ndani mlikuwa na viti vya kukunja vilivyopangwa mduara, birika kubwa la kahawa, na watu wapatao 20, wanawake kwa wanaume. Hakuna aliyeniuliza jina la ukoo, dhehebu wala kazi. Kiingilio hakipo, kikapu hupitishwa, na mwenye uwezo hutia dola moja au mbili. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Mmoja husema na wengine husikiliza, bila kumkatiza wala kumkaripia. Mimi nilitamka jina langu la kwanza, basi. Mwishoni wakanipa kipande cha mviringo mfano wa sarafu, alama ya saa 24 za kwanza. Kipo mfukoni mwangu hadi sasa, na maandishi yake yameanza kufutika kwa jinsi ninavyokipapasa.

Si kila kikundi kilinifaa. Nilijaribu vitatu kabla ya kutulia katika kile cha saa sita mchana karibu na kazini, na huko ndiko nilikompata mlezi, yaani mtu aliyekwisha kuipita njia hii, ambaye ninampigia simu kiu inaponibana.

Mwezi wa Juni mlezi huyo alinipeleka Akron, mwendo wa saa mbili kwa gari, kuiona nyumba ya Daktari Bob Smith, mmoja wa waasisi wa AA. Mei 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikwama mjini humo baada ya shughuli zake kuharibika. Alipohisi kwamba atarudia kunywa, alipiga simu huku na huko akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa Smith, ambaye alikubali kumpa dakika 15 tu, lakini wakazungumza kwa saa nyingi. Tarehe 10 Juni mwaka huohuo, siku Smith alipokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa AA. Nilisimama sebuleni mwa nyumba ile nikimfikiria mdogo wetu. Wilson hakwenda kuhubiri. Alikwenda kwa sababu yeye mwenyewe alimhitaji yule mwingine ili asianguke. Nami ndivyo nitakavyokuja kwake.

Sasa ombi langu. Najua kukataa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele ya wazee huonekana kama kuukataa undugu, kwa hiyo tafadhali mweleze baba mkubwa mapema, kwa upole, ili siku ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kata inipite bila maneno. Niwekeeni chai. Mkutano wangu wa mchana huku utakuwa saa mbili usiku kwenu, na baadhi ya siku hufanyika pia kwa intaneti. Ninaomba kile chumba cha upande wa barabarani, ambako mtandao hushika. Mdogo wetu akitaka kuketi nami asikilize, mwache aketi. Asipotaka, usimlazimishe, ila mwambie mlango hautafungwa.

Nisalimie mama. Habari hii nitamweleza mwenyewe nikifika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye.