Malalamiko kuhusu makosa kwenye wimbi tunalokodi, mkongo wa Dar es Salaam hadi Dodoma

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na mada tajwa hapo juu.

Sisi ni watoa huduma wadogo wa intaneti hapa Dodoma, tukihudumia Kisasa, Nzuguni hadi Mtumba. Tunakodi kwenu wimbi moja la mwanga, yaani rangi moja ya mwanga inayobeba data ndani ya uzi wa kioo wa mkongo, na ankara tunalipa kwa wakati. Tangu mlipoongeza mawimbi mengine kwenye uzi huohuo, laini yetu inakatika ovyo.

Tukipiga simu tunaambiwa tuzime ruta tuwashe, au kwamba wateja wetu wamezidi. Hili la pili linaudhi. Msongamano hudondosha pakiti, yaani vifungu vya data. Hauharibu biti, yaani sifuri na moja za data, zikiwa ndani ya mwanga. Vipimo tulivyoambatisha vinaonyesha makosa ya biti, kabla ya kusahihishwa na mitambo, yako juu hata saa tisa usiku, wateja wamelala. Tena nguvu ya mwanga unaotufikia imeshuka tangu usiku mlipoongeza mawimbi.

Kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1550, uzi hupoteza takribani desibeli 0.2 (kipimo cha kupungua kwa nguvu) kila kilomita. Baada ya kilomita 100 inabaki sehemu moja ya mia ya nguvu, ndiyo maana mwanga hukuzwa njiani kwa vikuza. Kikuza kilichofungwa kutoa nguvu ileile kwa jumla, kikiongezewa mawimbi, kila wimbi huambulia kidogo: sufuria ni moja, walaji wameongezeka. Kelele ya kikuza, yaani mwanga wa ziada usiobeba data, haipungui, na hujumlika kituo hadi kituo. Tunashuku mliongeza mawimbi bila kusawazisha upya nguvu za mawimbi.

Fundi wenu alipendekeza kupandisha nguvu. Tafadhali, si kwa kubahatisha. Nguvu ikizidi, mawimbi yaliyopangwa karibukaribu huchanganyika ndani ya uzi na kuzaa mengine, yanayoweza kuangukia nafasi ya jirani. Mtatuponya sisi mumwumize mteja mwingine.

Tunachotaka ni mpime uwiano wa ishara na kelele wa kila wimbi katika kila kituo cha kukuza, msawazishe, kisha mtupe matokeo kwa maandishi. Kabla ya hapo msiongeze wimbi lolote. Fidia ya muda tuliokosa huduma tunaidai kwa mujibu wa mkataba.

Tusipojibiwa ndani ya siku 14, tutalipeleka suala hili Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Msimamizi wa Mtandao,
Dodoma.