Mafundi wa Vespa, skrubu ya kabureta haikazwi kwa nguvu

Mhariri naomba kanafasi kidogo, hili limenikaa moyoni. Wiki iliyopita nilipeleka Vespa yangu kwa fundi hapa Unguja, nikamwambia inakula mafuta, basi akashika bisibisi akaikaza ile skrubu ya mchanganyiko ya nyuma ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) mpaka ikagoma, eti ndo tunabana matumizi. Toka hapo nikiachia mafuta injini inabaki inapiga kelele juu haishuki, nikafungua plagi nikaikuta nyeupe kama chokaa, dalili kwamba mafuta hayatoshi. Nilipoitoa skrubu yenyewe ile ncha yake imekatika alama ya duara, imeharibika.

Jamani kwenye hizi Vespa za zamani ile skrubu inapitisha mafuta, ukiikaza unayapunguza, na oili imo humohumo kwenye petroli kwahiyo unainyima injini vyote viwili. Halafu inatawala mafuta ya chini tu, injini ikiwa inanguruma Vespa imesimama na unapoanza kuondoka, ukishashika mwendo kazi ni ya jeti kubwa, kile kitundu kikuu cha kupitisha mafuta ndani ya kabureta, sasa unabana nini hapo?

Tembeza kwanza injini ipate moto, kaza skrubu taratibu mpaka iguse tu, irudishe kama mzunguko mmoja na nusu, kisha isogeze robo robo ukiisikiliza injini mpaka itulie. Plagi ikija rangi ya kahawia basi umepatia, ikiwa nyeusi na mbichi mafuta yamezidi. Dakika 10 haziishi! Mafundi wetu naomba sana mtusikilize.

Mpanda Vespa, Unguja