Barua kwa Mama: nyumba za Hunterfly Road

Brooklyn, New York

Shikamoo Mama, na salamu kwa wote hapo nyumbani.

Sisi huku wazima, ila mwenye nyumba kapandisha kodi tena. Mzee wa ghorofa ya chini, niliyekuwa nikikusimulia, ameshindwa. Anafungasha kwenda kwa mwanawe Georgia, na mzee mwenyewe kazaliwa mtaa huuhuu. Nyumba za zamani zinabomolewa, maghorofa ya vioo yanapanda, na madalali hawachoki kusukuma vikaratasi chini ya milango: tunanunua, fedha taslimu.

Jumamosi nilimsindikiza akaage Weeksville. Ni makumbusho ya mtaa, nyumba chache za mbao zilizobaki kwenye njia ya kale iitwayo Hunterfly Road. Zimekaa mshazari, hazifuati mstari wa barabara za leo, na ushazari huo ndio uliozifichua. Mwaka 1968 mwanahistoria James Hurley na rubani Joseph Haynes walizunguka na ndege juu ya Brooklyn wakitafuta mabaki ya kijiji kilichosahaulika, wakaiona njia iliyokataa kunyooka.

Kijiji chenyewe kilianza 1838, miaka 11 baada ya utumwa kukomeshwa New York, James Weeks, mtu mweusi, aliponunua ardhi hapo. Sheria ya wakati ule ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura. Mzungu hakudaiwa hayo. Basi aliyenunua kiwanja alinunua na kura. Wakajenga makanisa na shule, wakawa na gazeti lao. Mwaka 1863, ghasia za kupinga uandikishaji jeshini zilipogeuka kuwa msako wa watu weusi Manhattan, waliokimbia walipata hifadhi Weeksville.

Ungewapenda watoto wa shule ya jirani, Mama. Walishiriki kuchimbua mabaki, kisha wakaenda mbele ya tume ya jiji kuzitetea nyumba, na mwaka 1970 zikapewa ulinzi wa kisheria. Marehemu Joan Maynard, kiongozi wa chama cha kuzihifadhi, alilibeba jambo hilo miaka mingi. Hata hivyo 2019 fedha za makumbusho zilikauka, wakakaribia kufunga. Wakawaomba wananchi dola 200,000, zikapatikana na ziada.

Mimi nafurahi, lakini nusu nusu. Makumbusho yanalinda mbao na madirisha. Mpangaji hana wa kumlinda. Nyumba zile zimesalia kwa sababu chama cha wenyeji kilizinunua, hati ikawa mikononi mwao. Mzee wetu kalipa kodi maisha yake yote na anaondoka na mabegi.

Miongoni mwa vilivyofukuliwa kuna picha ya mwanamke, imepigwa juu ya bati jembamba. Amevaa vizuri, anakutazama usoni. Jina lake halijulikani. Wanamwita tu Bibi wa Weeksville. Mzee alisimama pale muda mrefu kuliko kwingine kote.

Sasa nakuomba mambo mawili. Zile picha zilizo kwenye sanduku la Bibi, kaa na Zuhura umtajie mmoja mmoja, naye aandike majina nyuma kwa penseli. Wino unapenya ukaharibu sura. Na hati ya kiwanja, mwambie Baba Mdogo asimpe mtu yeyote, hata wa kuitoa nakala, mpaka tuongee. Nitapiga simu Ijumaa baada ya Isha ya huko.

Mwanao,
Salma