Kwa nini risala ya kurasa mbili haitozwi bei ya kuchapa

Kila msimu wa mahafali lalamiko ni lilelile: "Kuchapa ukurasa ni shilingi 1,000, iweje risala ya kurasa mbili iwe 20,000?" Wiki iliyopita mteja mmoja aliondoka akiamini tumemtapeli, kwa hiyo tunaeleza wazi.

Ukileta maandishi yako tayari, utalipa bei ya kuchapa. Ukisema "niandikieni", kazi inaanza na maswali. Mgeni rasmi ni nani, na ana mamlaka gani? Wasikilizaji watakuwa ukumbini au chini ya turubai? Nani anasoma, saa ngapi, baada ya nani?

Swali la mamlaka ndilo linalookoa risala nyingi. Barabara kuu ni ya TANROADS, ya mtaa ni ya TARURA, maji ya kijijini ni ya RUWASA. Ombi likienda kwa asiyehusika, atajibu "nimelipokea, nitalifikisha", na limeishia hapo. Kikundi cha akina mama kikimwalika mkurugenzi wa halmashauri, kiombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, maana huo unapitia ofisini kwake.

Sasa njia ya mkato: risala ya mwaka jana kwenye flashi, "badilisheni majina tu." Risala moja ya namna hiyo iliomba madawati ambayo mgeni yuleyule alikuwa ameshayaleta. Nyingine ilipongeza wahitimu wa kidato cha nne kwenye mahafali ya kidato cha sita. Nyingi zinarudi kwetu asubuhi ya sherehe, na kazi ya haraka ni 35,000.

Mkutano wa AMCOS ya tumbaku, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, una mahitaji yake. Mkulima anataka kusikia kilo zilizouzwa, daraja, makato kwa kila kilo na siku ya malipo, kwa hiyo asilimia zote tunazigeuza kuwa kilo na shilingi. Majedwali yabaki kwenye nakala ya mrajisi msaidizi wa vyama vya ushirika. "Mwangaluka" ni salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi. Mgeni akichelewa mpaka saa nane, msomaji awe na nyingine.

Hotuba ya mwenyekiti mbele ya wanachama wenye hasira ndiyo ngumu kuliko zote. Wengi wanatuomba tuwaandikie kali. Hapa hapa Tabora, Januari 1958, wajumbe wengi wa TANU, chama kilichopigania uhuru, walikuja wakiipinga kura tatu, yaani sharti la kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na Nyerere akawashawishi kwa hoja wakubali kushiriki uchaguzi. Kwa hiyo badala ya ukali tunashauri uanze na kile kinachowaudhi, ukitaje kwa kiasi chake cha fedha, ndipo ueleze uamuzi.

Tunachapa kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi ya mstari na nusu, upande mmoja wa karatasi. Ukurasa wa hivyo husomwa kwa dakika mbili hadi mbili na nusu. Ukipewa dakika tano, ni kurasa mbili basi. Fedha tunaziandika kwa maneno, "milioni tatu na laki mbili", kwa sababu msomaji hujikwaa kwenye sifuri. Wasifu wa marehemu hauzidi ukurasa mmoja, na majina ya watoto lazima yahakikiwe na mzee wa familia kabla hatujachapa. Kwa msiba hatutozi ya haraka.

Njoo siku tano kabla, na barua ya mwaliko, ratiba, na majina ya viongozi pamoja na vyeo vyao vya sasa. Nakala ya risala ifike ofisini kwa mgeni rasmi siku mbili kabla ya shughuli, ili hotuba yake ijibu mliyoomba.